Kigitaa cha Sauti ya Nne

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za mwaka ule wa darasa la sita ni ya vigitaa tisa vikitoa kodi moja, na cha kumi kikitoa nyingine. Ilikuwa ndani ya ukumbi wa shule yetu ya msingi, Chuno, mjini Mtwara, wiki mbili kabla ya mahafali ya darasa la saba. Madirisha yalikuwa wazi na upepo ulileta harufu kali ya salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho. Mwalimu Zebedayo, mwalimu wetu wa muziki, alinyanyua mkono akatunyamazisha wote, akamwambia Issa, mwenye kile cha kumi, apige peke yake. Issa akapiga. Mwalimu akamwambia arudie. Issa akarudia. Mwalimu akacheka kwa pua. "We jitu," alisema, "Mungu alikupa mabega akasahau masikio. Weka hilo gitaa chini utoke." Issa akaliweka chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akatoka. Hivyo ndivyo mtoto aliyekuwa na sikio zuri kuliko wote katika shule ile, mwalimu akiwemo, alivyofukuzwa kwa kosa la kutokuwa na sikio. Tulikuwa watoto wapatao ishirini ukumbini. Mmoja wetu alijua kwamba mwalimu amekosea, na alijua amekosea wapi. Mmoja huyo ni mimi.

Nianze na vigitaa vyenyewe. Vililetwa na wageni wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka shule za kusini wakiwa na kamera na boksi moja kubwa. Walikaa shuleni kwetu asubuhi moja. Walituimbisha wimbo mmoja mara sita, wakatupiga picha nyingi kuliko maneno waliyotuambia, wakakabidhi boksi, wakapanda gari kabla ya uji wa saa nne. Ndani ya boksi mlikuwa na vigitaa kumi na vinne vya nyuzi nne nne, vya saizi mbalimbali, na kijitabu cha maelekezo chenye picha. Mtu akitaka kutoa zawadi bila kuchoka, hiyo ndiyo njia: wape watu kitu wasichokijua, ondoka kabla hawajauliza.

Mwalimu Zebedayo alikuwa mtu wa nyanda za juu aliyehamishiwa kwetu kufundisha hisabati. Jumapili aliongoza kwaya, na kwa sababu hiyo boksi likapelekwa kwake. Mchana ule ule aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKELELE. Hakuna aliyemsahihisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba chombo kinaitwa ukulele, na neno aliloandika lilikuwa na maana kamili kwetu. Tukaenda nyumbani tukitangaza kwamba kuanzia Jumatatu tutakuwa tunabaki shuleni kujifunza kupiga ukelele. Bibi mmoja jirani yetu, mama wa watu wazima saba, aliacha kupepeta mchele wake akaniuliza, "Kupiga ukelele siku hizi kunafundishwa? Mbona wanangu wote walizaliwa wanajua?" Mzazi mwingine alikwenda mpaka ofisini kusema kwamba binti yake hatapigishwa kelele na mwanamume yeyote baada ya saa za masomo. Mwalimu alisimulia habari hiyo darasani kama ushahidi wa ujinga wa watu wa pwani. Hakurudi kwenye kijitabu kuangalia jinsi neno linavyoandikwa. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini kwa Mwalimu Zebedayo hata kusoma kulikuwa aibu. "Mimi nimeongoza kwaya miaka kumi na moja," alisema. "Kijitabu ni cha wasiojua."

Sasa kuna jambo moja ambalo mtu asiyejua kwaya zetu hawezi kulielewa, na ndilo lililoharibu kila kitu. Kwaya zetu zina sauti nne. Sauti ya kwanza ni ya wasichana wa juu, ndio soprano. Ya pili ni ya wasichana wa chini. Ya tatu ni tena, ya wavulana wa juu, na ya nne ni besi, ya wenye sauti nzito. Vigitaa vile navyo vilikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya tundu, inayotaja saizi yake. Vidogo kabisa viliandikwa soprano. Vilivyofuata viliandikwa concert, vikubwa zaidi tenor, na kimoja, kikubwa kuliko vyote, baritone. Majina ya saizi tu, kama vile mtu anavyosema sufuria ndogo na sufuria kubwa. Mwalimu akachungulia ndani ya tundu moja baada ya jingine, uso ukamnawiri kama mtu aliyekuta barua yenye jina lake. Aliamini kwamba kiwandani wamegawanya vyombo kwa sauti za waimbaji. Akaagiza kila mtoto asimame aimbe do-re-mi, na akagawa vigitaa kwa koo.

Vidogo sita vikaenda kwa wasichana wa sauti ya kwanza, nami nikiwemo, ingawa vidole vyangu vilikuwa virefu na vilikanyagana kwenye shingo ya kigitaa kama abiria mlangoni. Vya tena vitatu wakapewa wavulana watatu wa sauti ya tatu, mmoja wao mdogo wa mwili kiasi kwamba chombo kilimfika kidevuni. Wasichana wa sauti ya pili walikosa kabisa, kwa sababu hapakuwa na karatasi iliyotaja sauti yao. Wakaambiwa wapige makofi. Na vile vinne vya concert? Mwalimu alijua kwamba hilo neno maana yake ni tamasha. Akatangaza kwa fahari kwamba hivyo ni vya siku ya tamasha peke yake, akavirudisha ndani ya nailoni zake, akavifungia kwenye kabati la mwalimu mkuu. Saizi iliyowafaa watoto wengi kuliko zote ikalala kabatini miezi minne. Wanne watakaofanya vizuri, alisema, watavipiga mbele ya mgeni rasmi.

Kile kikubwa alipewa Issa. Issa alikuwa na miaka kumi na minne darasani kwa watoto wa kumi na miwili, kwa sababu alianza shule amechelewa. Kwao Mtawanya walikuwa na mikorosho na muhogo, na baba yake aliona shule ni njia ya kumchelewesha mtu kufika shambani. Sauti yake ilikuwa imeshavunjika. Alipoimba do, madirisha yalijibu. Mwalimu akasema, "Huyu ndiye sauti ya nne," akampa gitaa kubwa, nasi tukalipa jina la Babu. Issa hakujali jina. Tangu siku ile hakukosa kuja shule hata mara moja, yeye aliyekuwa akikosa siku mbili kila wiki. Aliniambia sababu: baba yake alikuwa amekubali amalize darasa la saba kama shule itaonyesha kwamba kuna kitu anakiweza. Mahafali ndiyo yangekuwa maonyesho hayo. Baba angekuja, angekaa kwenye benchi, angeona.

Tukaanza kukaza nyuzi. Mwalimu alikuwa na kifilimbi kidogo cha kupuliza, chenye matundu, kinachotoa sauti nne zinazohitajika, ambacho kilikuja pamoja na boksi. Alipuliza mara moja kwa kigitaa changu, akaimba, "So, do, mi, la." Kuanzia uzi wa juu kwenda chini: so, do, mi, la. Akashtuka kwamba ule uzi wa so unalia juu kuliko do, wakati kwa akili yake ulipaswa kulia chini. Baadaye maishani nimejifunza kwamba ndivyo kinavyotakiwa, na kwamba mlio ule mchangamfu wa ukulele unatokana na uzi huo huo. Mwalimu alisema kiwanda kimekosea. Akaulegeza uzi wa so wa kila kigitaa mpaka ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, ukawa hautoi sauti bali unapepea. Hivyo tukawa na vigitaa vya nyuzi tatu na kamba moja, na mtaalamu aliyeridhika.

Alipofika kwa Issa hakupuliza kifilimbi. Aligusa nyuzi za Babu, akasikiliza, akatabasamu. "Hili limekuja limeshakazwa. So, do, mi, la. Lisiguswe." Na kweli, Babu aliimba so, do, mi, la. Hapo ndipo penye kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwaya zetu tu anayeweza kulifanya. Sisi hatusomi muziki kwa majina ya sauti yasiyobadilika. Tunasoma do-re-mi, na do inakaa popote mwongozaji anapoiweka. Ukianza chini, do iko chini. Ukianza juu, iko juu, na ngazi ni ile ile. Babu alikuwa na ngazi ile ile kabisa, so-do-mi-la, lakini imesimamishwa mahali pengine. Do yake haikuwa do yetu. Mtu aliyezoea kusikiliza ngazi bila kujali imeegemezwa ukuta upi angeweza kupita hapo bila kuona kitu, na Mwalimu Zebedayo alipita.

Tukafundishwa skeli, ile ngazi ya sauti. Do, uzi wa tatu, kuhesabu kutoka chini, ukiwa wazi. Re, uzi huo huo ukibonyezwa kwenye chuma cha pili kati ya vile vinavyokatiza shingo. Mi, uzi wa pili wazi. Fa, chuma cha kwanza. Tuliimba huku tukibonyeza, na ncha za vidole zikaota sugu tulizoonyeshana kama majeraha ya vita. Ikafuata kodi ya kwanza, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, iliyo rahisi kuliko zote: kidole kimoja, uzi wa kwanza, chuma cha tatu. Mwalimu aliichora ubaoni kwa mistari. Watani wa darasa la saba walipita dirishani wakiuliza, "Ninyi mnapiga kodi, au mnadaiwa kodi?" Tulicheka. Issa hakucheka, kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Wiki ya pili niliona jambo. Mimi nilikuwa mtoto wa kuandika. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na nilimwiga kwa kutembea na daftari na kalamu, hata Issa akaniita Karani. Niliandika kwamba wote tunaweka kidole kimoja kwa kodi ya kwanza, isipokuwa Issa, anayeweka viwili: kimoja uzi wa nne, chuma cha pili, kingine uzi wa pili, chuma cha kwanza. Na sauti yake inaingia ndani ya sauti yetu kama maji ndani ya maji. Hakuwa amefundishwa na mtu. Alikuwa ametafuta kwa sikio mpaka akapata, na skeli yake pia aliianzia mahali pake, uzi wa pili, chuma cha kwanza, ili do yake ifanane na yetu. Mtoto wa mkulima wa Mtawanya alikuwa peke yake amesahihisha kosa la mwalimu, wala hakujua kwamba amefanya kitu.

Mwalimu Zebedayo naye akaona. Lakini hakuona kwa masikio, aliona kwa macho. Alikuwa akipita katikati yetu na rula, akilinganisha vidole vyetu na mchoro wa ubaoni, kama mtu anayesahihisha majumlisho. Akasimama kwa Issa.

"Wenzako wana kidole kimoja. Wewe viwili vya nini? Unahonga?"

"Mwalimu, kikiwa kimoja hakikubali."

"Hakikubali nani? Gitaa linakubali au linakataa, limekuwa mchumba?"

Darasa likacheka. Rula ikashuka kwenye vidole. Tangu siku hiyo Issa aliweka kidole kimoja, kama ubao ulivyotaka, na tangu siku hiyo sauti ya Babu ikaanza kugombana na zetu. Mwalimu alisikia ugomvi, akamlaumu Issa. Alimpiga alipopatia, akamfokea alipokosea kwa kumtii. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile letu lilivuma kila Jumatatu na Alhamisi.

Siku moja baada ya mazoezi tulibaki nyuma ya darasa, mimi na Issa, tukaviweka vigitaa viwili magotini. "Karani," aliniambia, "piga do yako." Nikapiga. Akapiga yake. "Umesikia? Do yako na do yangu siyo ndugu." Tukapima. Aliniimbia do ya Babu, akapanda ngazi polepole mpaka so, nami nikatafuta kila moja kwenye kigitaa changu, nikaandika daftarini ni uzi gani na chuma gani. Nilipomaliza ukurasa ulikuwa wazi kama hesabu iliyokubali. Chombo chake kilikuwa kimekazwa kwa do nyingine, kwa hiyo kodi ya ubaoni haikumhusu. Vidole viwili ndivyo vilivyokuwa sahihi. Issa akafurahi mpaka akapiga paja. "Basi mwambie, Karani. Wewe anakusikiliza. Mimi nkisema atanchapa."

Nilimwahidi. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Zebedayo alitaja majina ya watoto wanne watakaopiga vile vigitaa vya kabatini mbele ya mgeni rasmi, na jina langu lilikuwa la pili. Nikaliahirisha jambo la Issa mpaka Alhamisi, kisha mpaka Jumatatu. Nyani haoni kundule, na mimi ninayemsema mwalimu kwa kurasa hizi nilikuwa nimeshapima: mwalimu asiyependa kijitabu hatapenda daftari la msichana wa darasa la sita, na jina lililoandikwa linaweza kufutwa. Ndipo ikafika siku ile ya ukumbini. Baada ya kumwambia Issa aweke gitaa chini, na kabla Issa hajatoka mlangoni, mwalimu alitugeukia akauliza, kwa kebehi tu, bila kutarajia jibu: "Kuna anayejua kwa nini huyu hawezi?" Issa akasimama pale mlangoni akaniangalia. Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Niliangalia nyuzi za kigitaa changu. Mtoto mmoja akasema, "Kwa sababu ni mzee," watu wakacheka, na mlango ukafungwa.

Mahafali yalikuwa aibu, na yalipigiwa makofi. Vile vinne vya tamasha vilitolewa ndani ya nailoni asubuhi ile ile. Nyuzi mpya za ukulele zinalegea zenyewe siku za mwanzo, kila mwenye chombo hicho anajua, zinataka kukazwa tena na tena. Zetu zililegea mbele ya mgeni rasmi, kodi baada ya kodi, mpaka mwisho wa wimbo tulikuwa watoto wanne tunaokuna mbao. Mgeni rasmi, aliyekuwa akizungumza kwenye simu, alisema amefurahishwa sana na vipaji. Mwalimu Zebedayo aliinama mara tatu. Niliangalia kwenye mabenchi ya wazazi. Baba wa Issa hakuwepo. Korosho zilipoanza kuanguka, Issa alikuwa shambani, na darasa la saba tulilisoma bila yeye.

Siku hizi binti wa dada yangu ana ukulele, saizi ileile iliyofungiwa kabatini. Anaikaza kwa simu: anagusa uzi, mshale unatembea, unageuka kijani, basi. Nilimwuliza kama anajua kwamba ile kubwa hukazwa tofauti. Akanitazama kwa huruma, akasema imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mwalimu Zebedayo amestaafu kwa heshima. Cheti kiko ukutani kwake, na katika hotuba ya kumuaga alisifiwa kwa kuanzisha muziki wa vyombo katika shule zetu. Nilikuwepo. Nilikula pilau.

Issa nilikutana naye mwaka huu msibani, Mtawanya. Alinitambua yeye. "Karani!" aliita, na mabega yake bado yanaziba mlango. Amerithi mikorosho, ana mke na watoto watatu. Tukiwa tumekaa, vijana wa madrasa wakaanza kaswida, na bintiye Zuhura, wa miaka kumi, akawa anafuatisha kwa sauti ya chini pembeni yetu, sawasawa kabisa, na mara moja moja akiipanda ile sauti ya pili ambayo hakuna aliyemfundisha. Ustadhi wa kaswida, aliniambia mke wa Issa, amekuja mara mbili kumwomba mtoto huyo kundini. Issa alitikisa kichwa. "Hapana, dada. Kwetu hatuna sikio. Nwalimu alishanambia mbele za watu. Sitaki na huyu naye aje aambiwe vile." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, so-do-mi-la, do mbili, vidole viwili, mpaka karatasi iliyokuwa ndani ya tundu. Nilimchorea mchangani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vilevile alivyokuwa akisikiliza zamani, wala hakunikatiza.

"Kumbe nwalimu hakujua," alisema.

"Hakujua."

"Wewe ulijua."

Halikuwa swali. Akainuka, akaenda kupanga viti vya wageni. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Juzi nilimpigia ustadhi kuuliza. Alisema daftari la kundi linafungwa mwisho wa mwezi, nafasi ya Zuhura bado ipo, na baba yake hajaja.